Haki ya mke isife na mumewe

Mwanamke mgeni aliyeolewa Momela, chini ya Mlima Meru, na mwenzake aliyeolewa Wete, kisiwani Pemba, wametenganishwa na bahari lakini wako chini ya sheria moja. Uraia ni miongoni mwa mambo ya Muungano, na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimtofautishi mke wa mkulima na mke wa mvuvi. Ndiyo maana leo tunasema na ndugu zetu wa Visiwani, pamoja na watumishi wa Serikali wa pande zote mbili.

Sheria hiyo ilimpa mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote, maadamu mumewe yu hai. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito, nayo ndiyo yanayosahauliwa. Mume akifariki kabla mke hajaomba, mlango huo hufungwa. Mjane hubaki na njia ya mgeni mwingine yeyote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba na, katika miaka 10 iliyoitangulia miezi hiyo, awe ameishi nchini kwa jumla ya miaka isiyopungua 7. Watoto wake ni raia, lakini yeye ni mgeni katika nyumba yao. Huku Bara, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kwa familia inayoishi kwa jembe, hilo si jambo dogo.

Nchi ya Meru haikuanza leo kuishi na wageni. Tangu mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Tengeru iliwapokea maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto, na makaburi yao yangaliko. Siku hizi wako wanaokuja kwa ndoa kutoka ng'ambo ya Namanga, kama Visiwani wanavyokuja kutoka Mombasa, Komoro na Oman. Kuoana na watu wa mbali ni desturi yetu ya zamani. Kinachotushinda ni karatasi.

Wengi huanza kutafuta hati baada ya kuitwa kwenye mahojiano. Hapo ndipo hugundua kwamba ndoa ilifungwa mbele ya wazee au shehe lakini haikuandikishwa. Kwamba mume, ambaye uraia wake ndio msingi wa maombi, hana cheti cha kuzaliwa. Kwamba mke ni Fatma katika pasipoti na Fatuma katika cheti cha ndoa. Au kwamba kibali chake cha kuishi nchini kilikwisha muda zamani. Kila kasoro ina dawa yake, lakini kila dawa inataka muda. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Tunawashauri wanandoa waandikishe ndoa mara inapofungwa, mume achukue cheti chake RITA au, kwa Zanzibar, katika Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na majina yalinganishwe katika hati zote. Aidha, mke aelewe mapema kwamba sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili; akiupata wa Tanzania itambidi aukane ule wa kwanza. Huo ni uamuzi wa kufikiriwa nyumbani, si mbele ya meza ya ofisa.

Watumishi wa Serikali nao wana wajibu. Mtu wa Momela hushuka hadi Usa River, kisha akafika Arusha mjini. Mtu wa Tumbatu hupanda chombo. Kumrudisha leo kwa karatasi moja na kesho kwa nyingine ni kumnyima haki bila kutamka neno. Orodha kamili ya hati ibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, na kila anayewasilisha maombi apewe stakabadhi yenye tarehe. Ikiwa haki inategemea uhai wa mtu, tarehe ya kupokea maombi si jambo la kuandikwa kwa mzaha.

Hatuwezi kumaliza bila kumtaja mume mgeni. Sheria ya 1995 haikumpa aliyemwoa Mtanzania njia kama ile ya mke. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa haki ya kuomba mume au mke wa raia, ndoa ikiisha kutimiza miaka 7. Katiba yetu wenyewe, tangu marekebisho ya mwaka 2000, inataja jinsia miongoni mwa mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo. Tunaamini Bunge lina sababu ya kuitazama upya sheria hiyo, na katika kuitazama limkumbuke pia mjane.

Visiwani hawahitaji kufundishwa gharama ya kukosa karatasi. Wapemba waliohamia pwani ya Kenya waliishi huko kwa vizazi bila uraia hadi Serikali ya nchi hiyo ilipowatambua mwaka 2023. Waliohama walikuwa wachache, lakini upungufu wao wa hati walirithi wajukuu. Basi tusiwaachie watoto wetu urithi wa namna hiyo. Mume anayempenda mkewe asimwahidi uraia. Ampeleke ofisini angali hai.