Tuwapishe Wenye Sauti ya Mkwaruzo

Wanachuo wenzangu, kuna kejeli imeshika kasi hapa chuoni: "umechelewa". Ukiijua singeli mpya wiki moja baada ya wenzako, umechelewa. Mimi nina miaka 22 na mwaka huu ndio kwanza nimeanza kusikiliza jazi ya Marekani ya miaka ya 1950, ile wanayoimba wawili wakipokezana. Chumbani wananiuliza kama nimeshastaafu. Acha waulize. Naamini jazi hiyo ina somo tunalolihitaji sisi wa ualimu kabla hatujashika chaki.

Chukueni albamu ya Ella and Louis. Ilirekodiwa kwa siku moja, Agosti 1956, nyimbo 11. Nyuma yao kuna wapigaji wanne tu: Oscar Peterson kwenye piano, Herb Ellis kwenye gitaa, Ray Brown kwenye besi na Buddy Rich kwenye dramu. Louis Armstrong alikuwa na miaka 55, Ella Fitzgerald 39. Sauti ya Louis inakwaruza kama meza inayoburuzwa sakafuni. Ya Ella ni maji ya mtungini. Ungedhani hawaendani kabisa.

Kumbe raha yenyewe iko hapo. Mmoja anaimba, mwingine anangoja au anaitikia chini chini. Louis akishika tarumbeta, Ella anampisha. Norman Granz, aliyeitayarisha albamu hiyo, alisimulia baadaye kwamba Ella alisisitiza Louis ndiye achague nyimbo, naye akaimba kwa kimo cha sauti kilichomfaa Louis hata pale kisipomfaa yeye. Je, kuna anayesikiliza leo akasema Ella alipungukiwa? Hakuna.

Wala mtu asiseme jazi haituhusu. Mwaka huohuo wa 1956 OK Jazz ilianzishwa Léopoldville, na huku kwetu tulikuwa na Morogoro Jazz, Western Jazz na Tabora Jazz. Walipiga muziki wao wenyewe, lakini jina walilipenda.

Sasa tuje kwenye makundi yetu ya kazi za darasani. Mengi yana mtu mzima mmoja: amefundisha shule ya msingi miaka kumi na kitu, ana familia, amekuja kutafuta digrii. Tunamwita "mzee" au "mama" kwa heshima ya mdomoni, halafu kazi yake inabaki kuchangia hela ya kuprinti. Muhula uliopita nilishuhudia kundi likiwasilisha mada ya kusimamia darasa kubwa. Vijana watano, hakuna aliyewahi kufundisha, walimwaga nadharia mwanzo mwisho. Mama mmoja kati yao, aliyewahi kufundisha watoto zaidi ya 90 chumba kimoja, alipewa kazi ya kubonyeza slaidi. Jamani!

Najua mtasema wapo watu wazima wanaotaka kuongea peke yao, na wapo ambao kompyuta inawasumbua. Ni kweli. Ila kupokezana ni kwa pande zote mbili. Louis naye anakaa kimya Ella anapoimba. Kijana ana kasi ya kutafuta makala, mtu mzima anajua mtoto wa darasa la tatu anachoka saa ngapi. Kazi inayokosa kimojawapo ina pengo, na pengo hilo tutalikuta mbele ya wanafunzi wakati wa mafunzo kwa vitendo, mkaguzi akiwa amekaa nyuma na fomu yake.

Pendekezo langu ni dogo. Kuanzia muhula ujao, kila kundi lenye mtu aliyewahi kufundisha limpe dakika kumi za kwanza aeleze aliyoyaona darasani, kabla hatujafungua simu kutafuta nadharia. Aliyeingia chuo na miaka 40 hajachelewa. Tunaochelewa kumsikiliza ni sisi, na bado muda upo.