Tuanze na Mnunuzi

Askari wengi wanaijua Ngagara, kwa kuwa kambi ya jeshi iko huko huko. Wazee bado huiita OCAF, kwa jina la shirika la Wabelgiji lililozijenga kota zake. Ni mahali pa nyumba, maduka na gereji, na kando yake kuna viwanda. Tunaitaja leo kwa sababu mahali pa namna hiyo ndipo wanapoweza kukutana watu watatu: dereva ambaye gari lake hulala nje ya ua, mwizi mwenye msumeno, na mtu mwenye mizani ya kupimia vyuma chakavu. Maneno yetu yanamhusu huyu wa tatu.

Chini ya gari la petroli, katika bomba la moshi, kuna chombo ambacho mafundi wa Afrika Mashariki hukiita masega, maana ndani yake mna vitundu kama vya sega la nyuki. Kazi yake ni kuupunguzia moshi sumu. Vitundu hivyo vimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Ni kidogo mno, lakini kidogo hicho kina bei: mwaka 2021 rodiamu ilipita dola 20,000 kwa wakia moja. Mwizi hukikata chombo hicho kwa dakika chache. Asubuhi dereva wa teksi anawasha gari lake, linanguruma kama trekta, na siku yake ya kazi imekwisha kabla haijaanza.

Kumkamata mwizi huyo ni vigumu, na hatusemi hivyo ili kuwavunja moyo walio lindoni. Anafanya kazi gizani, amelala chini ya gari, na kitu anachokiiba kwa kawaida hakina namba ya gari. Kikishakatwa, hakuna awezaye kuapa kwamba ni chake. Lakini masega hayaliwi. Hayana budi kuuzwa, na viwanda vinavyoyatoa madini hayo viko mbali, Ulaya, Japani na Afrika Kusini. Hivyo kila kilichoibwa lazima kipite mkononi mwa mnunuzi, kisha bandarini, katika kiwanja cha ndege, au mpakani kama pale Gatumba. Mwizi hana anwani. Mnunuzi anayo, na hufungua mlango wake mchana.

Majirani zetu wa Kenya wamekwisha kuupitia mtihani huu. Walitunga sheria ya vyuma chakavu mwaka 2015, yenye leseni na baraza la kuisimamia biashara hiyo. Hata hivyo, tarehe 11 Januari 2022 nguzo za njia kuu ya umeme zilianguka, nchi ikaingia gizani, na serikali ikalaumu wanaoiba vyuma vya nguzo. Siku tisa baadaye Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu. Marufuku hiyo haikudumu. Ilipofika Mei mwaka ule ule biashara ilirudishwa chini ya masharti mapya. Sisi twaona funzo liko wazi. Sheria iliyoandikwa vizuri haitoshi pasipo mtu wa kuingia uani na kufungua daftari, na kufunga biashara yote humwadhibu kwanza yule anayeokota makopo ili watoto wake wale.

Kwa hiyo tunataka mambo yanayoweza kukaguliwa na askari wa cheo chochote. Mnunuzi awe na leseni iliyobandikwa ukutani. Asinunue bila kuandika jina na namba ya kitambulisho cha muuzaji, na kwa masega, namba ya gari yalikotoka. Asilipe kwa noti. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2013 inakataza malipo hayo ya taslimu, na hapa Bujumbura hata muuza nyanya hupokea fedha kwa Lumicash. Mwenye mizani hana udhuru. Mafundi nao wachonge namba ya chasisi juu ya masega ya kila gari linaloingia gereji. Ni kazi ya dakika tano, nayo humpa polisi ushahidi ambao leo hana.

Lipo jambo jingine, nasi hatutalificha kwa kuwa tunasema na askari. Ni rahisi kumkamata mtoto mwenye gunia barabarani na kumlaza ndani, ripoti ikaonekana imejaa. Ni vigumu zaidi kumwendea mnunuzi mwenye lori na marafiki. Na huyo mwenye lori ndiye mwenye bahasha. Askari aliyeipokea mara moja hawezi tena kulifungua daftari lake, wala hawezi kumtazama machoni yule dereva wa teksi. Wakuu wa nyumba kumi wanajua ni ua upi unaopokea mizigo usiku. Waulizwe, na walindwe wakisema.

Na daftari la kwanza lifunguliwe katika karakana za jeshi na polisi zenyewe. Kila betri, rejeta na waya wa shaba unaotoka humo kwenda kwa mnunuzi uandikwe pamoja na namba ya gari na sahihi ya ofisa aliyeutoa.