Nafasi Tupu Si Tupu

Wahenga walinena, mwenye macho haambiwi tazama. Lakini kuna kitu twakitazama kila siku na hatukioni. Kitu hicho ni nafasi tupu katika maandishi.

Mpenzi msomaji, chukua mfano wa programu za kompyuta. Lugha ya Python, aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, huzihesabu nafasi zilizo mwanzoni mwa mstari. Tazama:

if alama >= 50:
    print("Umefaulu")
    print("Hongera")

Mistari miwili ya mwisho imesogezwa ndani, kwa hivyo ni ya waliopata 50 na zaidi. Irudishe yote ukingoni, kompyuta itakataa katakata. Rudisha ule wa mwisho peke yake, kompyuta haitalalamika, ila hata aliyepata 12 atapewa hongera!

Haya yalinifika. Muhula uliopita nilipeleka programu yangu Ukunda ikapigwe chapa. Mchapaji akaziondoa nafasi akidhani nimekosea. Kompyuta yake nayo, ile programu ya kuandikia barua, ikaigeuza herufi ndogo ya print kuwa kubwa, na alama za kunukuu zilizosimama wima ikazipinda. Machoni ilipendeza kweli. Mwalimu alipoiingiza kwenye kompyuta ya shule, wapi! Haikwenda. Darasa likaangua kicheko, ati nimenakili kitu nisichokijua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wanachama wenzangu, msidhani haya ni ya watu wa kompyuta tu. Shairi je? Mshororo wa shairi letu la kawaida huwa na mizani 16, yaani 8 za ukwapi na 8 za utao, na vina hukaa mwisho wa kila kipande. Ukiunganisha mishororo ili ijaze ukurasa, maneno yote yapo, lakini msomaji hajui avute pumzi wapi. Ni kama kuikata leso katikati ya jina. Kitambaa ni kile kile, ujumbe haupo tena.

Najua wapo watakaosema karatasi ni ghali. Ni kweli. Lakini afadhali tuchape shairi moja zima kuliko mawili yaliyovunjika.

Kwa hivyo nawaomba wahariri wetu mambo matatu. Kwanza, programu ziandikwe kwa maandishi yasiyorembwa, herufi zote ziwe na upana mmoja. Pili, mtu asiguse nafasi kabla ya kumwuliza mwenyewe. Tatu, mwandishi aonyeshwe ukurasa wake kabla haujachapishwa, aulinganishe na alichoandika.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ile mistari mitatu hapo juu ndiyo mtihani. Ukiiona miwili imesogea ndani, basi jua wahariri wamenisikia.