Muulize muuzaji kilo za godoro

Na Naftali Kaaya

Januari, wazazi wanapohangaikia vifaa vya shule za bweni, maduka ya magodoro ya Kilombero na Ngarenaro husikia maswali mawili tu: futi ngapi, inchi ngapi? Hata fomu za kujiunga na shule huishia hapo hapo. Anayeondoka na inchi kumi juu ya bajaji hujiona kashinda. Arusha ina kiwanda chake cha magodoro, Tanfoam, kwa hiyo sponji si kitu kigeni kwetu. Hatuna kisingizio cha kutouliza swali la tatu: lina kilo ngapi?

Sponji ni povu lililoganda, na sehemu kubwa ya unene wake ni hewa. Chukua godoro la futi tano kwa sita, inchi sita. Ujazo wake ni kama mita za ujazo 0.42. Likitengenezwa kwa sponji ya kilo 16 kwa mita ya ujazo, litakuwa na takribani kilo 7. Kwa sponji ya kilo 25, linafika kilo 10 na nusu. Dukani huwezi kuyatofautisha, yote yamevalishwa kitambaa cha maua. Lakini lile jepesi ndilo litakalowahi kufanya bonde katikati: nyonga zinazama, kiuno kinapinda, na mwenyewe anaamka ameshika mgongo akilaumu baridi ya Meru.

Baridi nayo ina lake, nisiitetee sana. Ile sponji inayobonyea taratibu na kubaki na umbo la mwili hukakamaa kwenye ubaridi. Ijaribu Dar es Salaam kwenye joto, kisha uipandishe Nkoaranga mwezi Julai; utadhani ulibadilishiwa njiani.

Wauzaji wetu hupenda kusema godoro zito ndilo gumu, na gumu ndilo dawa ya mgongo. Hapo wanachanganya mambo. Uzito hueleza zaidi godoro litadumu vipi. Ugumu ni habari nyingine, na kiwandani sponji nzito inaweza kufanywa laini. Tena ugumu uliopitiliza hausaidii. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Francisco Kovacs na wenzake, waliofuatilia watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno nchini Hispania. Baada ya siku 90, waliolalia godoro la ugumu wa wastani walikuwa na nafuu kuliko waliolalia gumu. Anayelala ubavu anahitaji bega na nyonga vizame kidogo, la sivyo usiku kucha ni kugeuka.

Kilombero vitunguu vinapimwa kwa mizani mbele ya macho yako. Godoro, ambalo bei yake ni ya magunia, tunalibonyeza kwa kidole na kulipa. Dai mizani. Ukifika nalo nyumbani, kagua chaga: zikiwa tatu zilizoachana, hata hilo la kilo 10 litazama kati yake.