Katiba ya kikundi haipangwi kwa macho tu

Katika njia panda ya Misigiri, wilayani Iramba, barabara ya Kiomboi inapoachana na barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, mkulima wa alizeti au mfanyabiashara wa kuku haulizi barua yake imechapwa kwa programu gani. Anampa mchapaji karatasi, analipa, anaondoka na nakala yake. Kwa barua ya ukurasa mmoja, hilo halina madhara.

Tatizo huanza kwenye katiba ya kikundi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi vya kuweka na kukopa visajiliwe, na katiba ndiyo inayolinda fedha za wanachama. Nayo hurekebishwa mara kwa mara.

Chukua mfano huu. Kifungu cha 9 kinaeleza mgawanyo wa faida, na kifungu cha 14 kinasema mwanachama anayejitoa atalipwa kwa mujibu wa kifungu cha 9. Mkutano mkuu unaongeza kifungu kipya baada ya kile cha 6. Mchapaji anabadili namba moja moja kwa mkono; cha 9 kinakuwa cha 10, lakini maneno yaliyo ndani ya kile cha 14 yanasahauliwa. Kuanzia siku hiyo, haki ya anayejitoa imeelekezwa kwingine, pengine kwenye faini za wachelewaji. Ukitokea ugomvi, kila upande utashika karatasi yake.

Zipo njia mbili za kuandika kwa kompyuta. Ya kwanza ni programu za menyu kama Microsoft Word, ambapo mchapaji huuona ukurasa kama utakavyotoka na kuupanga kwa kipanya. Ya pili ni ya alama. Mwandishi huandika maneno ya kawaida na kuyatia alama kwamba hiki ni kichwa, hiki ni kifungu. Kupanga na kuhesabu ni kazi ya kompyuta. Anayetuma bei ya vitunguu kwa WhatsApp na kuweka nyota mwanzo na mwisho wa neno ili liwe zito, ameshatumia alama bila kujua.

Profesa Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kubuni programu ya alama iitwayo TeX mwaka 1977, baada ya kuchukizwa na jinsi kitabu chake kilivyopangwa kiwandani. Hadi leo inatumika, na ni ya bure. Faili lake ni maandishi matupu yanayofunguka kwenye kompyuta yoyote. Kwa LaTeX, iliyojengwa juu yake, kifungu kikiongezwa, namba zote na marejeo yake hujirekebisha.

Je, Misigiri iachane na menyu? Hapana. Katika njia ya alama, kosa dogo huweza kuzuia karatasi isitoke, na si rahisi kumpata mchapaji wa kulitafuta. Kikundi kitakachoichagua kinaweza kujikuta mikononi mwa mtu mmoja. Akihama, kazi imesimama.

Kilicho bora ni kuchukua busara ya alama na kuitumia ndani ya menyu. Word, na hata LibreOffice ambayo ni ya bure, zina mitindo ya vichwa, namba za kujihesabu na marejeo yanayofuata namba hizo. Mteja asipodai, mchapaji hana sababu ya kuhangaika nazo.

Hivyo basi, katibu wa kikundi adai mambo matatu kabla ya kulipa. Kwanza, vifungu na marejeo vihesabiwe na kompyuta, si kwa mkono. Pili, akabidhiwe faili lenyewe, nakala ya PDF na nakala ya maandishi matupu, zihifadhiwe sehemu mbili tofauti. Tatu, kila palipoandikwa "kwa mujibu wa kifungu" pasomwe kwa sauti mbele ya wanachama kabla ya kutia saini.

Mkulima hapokei fedha ya gunia kabla halijapimwa. Katiba nayo ipimwe, kwani wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari. Na daftari lenye namba zilizokosewa halina tofauti kubwa na kukosa daftari.