Geto Linasingiziwa, Mchawi ni MP3

Leo nawachana, msininunie.

Kuna dogo mmoja wa Mbagala, jina namfichia, ngoma yake imezunguka sana kwenye simu zetu. Aliirekodi chumbani kwake: kompyuta ya mtumba, maiki ya USB, godoro limesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Majuzi kapata watu wa kumpandishia wimbo kwenye majukwaa ya kuuza muziki. Wakamwambia lete WAV. Dogo hana! Kompyuta ilipigwa window upya, kila kitu kikaenda. Kabaki na MP3 ya kbps 128 aliyowahi kuwatumia washkaji.

Akafanya kile tunachofanya wengi. Kaingia kwenye tovuti ya bure, kaigeuza MP3 kuwa WAV. Faili la MB 3 na kitu likatoka na MB 35, dogo kafurahi kweli. Wimbo ulipopanda, matoazi yakawa yanachacharika kama chipsi kwenye mafuta, na watu wakaanza: "studio za geto bwana."

Hapo ndipo mimi nabisha. Geto halina kosa. MP3 inakuwa ndogo kwa sababu inatupa sauti ambazo sikio halizishiki kirahisi, na zikishatupwa ndio basi. Kuigeuza WAV ni sawa na kuchukua fotokopi iliyofifia ukaitoa tena kwenye karatasi kubwa. Karatasi imeongezeka, maandishi ni yale yale. Kuipandisha kutoka 128 kwenda 320 nako ni hivyo hivyo, unajaza memori tu.

Kuna mtu atasema, si tunasikilizia kwenye simu, nani atajua? Sawa, ila majukwaa mengi nayo yanaubana wimbo upya kabla haujamfikia msikilizaji. Ukipeleka kilichokwisha kubanwa, kinabanwa mara ya pili. Ndio zile chipsi.

Najua bando linauma. WAV ya kiwango cha CD inakula kama MB 10 kwa dakika. Lakini flashi ya GB 16 inabeba nyimbo zaidi ya 400 za namna hiyo, na ukiona bado ni nzito ipo FLAC, inapunguza ukubwa bila kutupa kitu. MP3 iwe ya kutumia washkaji tu. Na kwenye Audacity, ambayo ni ya bure, sevu projekti yenyewe pia, maana ndiyo yenye sauti na biti kila kimoja peke yake.

(Maprodyuza mnaompa msanii MP3 tu ili arudi kulipia tena WAV, mnazingua.)

Sasa dogo anataka kurekodi upya. Yeye yupo, biti lipo. Shida ni dada aliyeimba kiitikio, mtamu kuliko wimbo wenyewe, yuko Muscat kikazi na mkataba wake ni wa miaka 2. Dogo kamwomba ajirekodi hukohuko, jana usiku ikaingia... voice note! Nayo imebanwa vilevile. Nimemwambia amrudie dada kwa adabu: atafute programu ya simu inayotoa WAV, ajifunike shuka kichwani kuzuia mwangwi, kisha aitume kama dokumenti.

Tunasubiri. Anafanya kazi mpaka usiku, siku yake ya kupumzika ni Ijumaa.