Seva Haizimwi kwa Rungu

Aliyeandika kwamba seva inayofanya kazi nyuma ya pazia izimwe kwa ishara namba 9 tu, amepotosha. Programu haiwezi kuikamata ishara hiyo, SIGKILL: hufa papo hapo, na faili iliyokuwa ikiandikwa yaweza kubaki nusu. Fikiria seva inayopokea matamko ya forodha pale Kobero, kwenye mpaka wa Burundi na Tanzania, malori yakitoka Dar es Salaam. Tamko likikatika katikati, dereva ndiye atakayelala mpakani.

Tuma kwanza SIGTERM, namba 15. Seva ikiipokea, ikatae maombi mapya, imalize yaliyo mkononi, ifute faili ya namba ya mchakato. Kwa kawaida systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, husubiri sekunde 90 kabla ya kuiua. Na ukiiwasha seva tena, usiitangaze iko tayari kabla haijajibu ombi. Ndugu mwandishi, rekebisha ushauri wako.